Tonge la Kwapani

Shida zangu zilianza mwaka wa 1968, nikiwa na miaka minane. Mwaka huo baba alizikwa, mama akaenda kufanya kazi katika shamba la Mzungu kule Ndabibi, na mimi nikapewa kazi yangu: kupika chakula cha mbwa. Walikuwa wanne, wakubwa kama ndama. Niliwapikia unga wa mahindi na mifupa na vipande vya nyama, nyama ya kweli, ndani ya debe, kisha nikampelekea kila mmoja bakuli lake. Mimi na mama bakuli letu lilikuwa moja. Kama nilionja kile chakula au sikuonja, sitasema. Anayesoma ana akili.

Nimetaja hayo ili mtu asifikiri nilianza kumchukia mbwa wa mke wangu bure. Mimi na mbwa tulijuana zamani.

Shule niliiacha darasa la tatu. Kusoma nilijimalizia mwenyewe, kwa Biblia na kwa maandishi ya magunia ya mbolea. Nilibeba viazi sokoni Nakuru mpaka bega la kulia likashuka, na hata leo shati hunilalia upande huo. Mke wangu nilimwoa nikikaa chumba kimoja mtaa wa Bondeni, ukuta mwembamba, ukikohoa jirani anakuambia pole. Shamba hili la huku juu ya Salgaa tulilinunua kipande kwa kipande. Hakuna mtu aliyetushika mkono. Tulizaa watoto wanne, tukawasomesha, wakaenda. Wa mwisho aliondoka mwaka juzi. Tukabaki wawili, na ng'ombe.

Mimi niliona sasa ndiyo raha yenyewe. Hakuna kelele, hakuna anayelilia chai. Nilidhani na yeye anaona hivyo. Sikumwuliza.

Kila asubuhi mama, ndivyo ninavyomwita mke wangu, hupeleka maziwa Salgaa, kwa hoteli moja ambayo madereva wa malori hula. Siku moja wakati wa mvua alirudi na kiondo kimefunikwa leso. Nikajua ni kabichi. Kabichi ikapiga chafya.

"Nini hiyo?" nikauliza.

"Ni mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Sasa ni wetu."

Akafunua. Kimbwa cha rangi ya kahawia, kifua cheupe, mgongo umebabuka kuanzia kiunoni mpaka mkiani. Mpishi wa hoteli nyingine alikuwa amekimwagia maji ya moto kwa sababu kilikuwa kinalamba sahani.

"Kilikuwa kimejikunja chini ya lori," mama akasema, "na lori limeshawasha injini. Ningekiacha?"

"Malori yako mengi Salgaa. Na mbwa pia wako wengi. Utawaleta wote?"

"Huyu ndiye aliniangalia."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu. Aliniangalia. Mimi nimemwangalia miaka arobaini na miwili.

Akampa jina. Silitaji hapa, lakini ni jina la mtu, na ni zuri kuliko langu.

Nilichonyang'anywa kwanza ni ukoko. Tangu Bondeni, ugali ukishapakuliwa, ule mkate mgumu unaobaki chini ya sufuria ni wangu. Hatukuandikiana. Mama huukwangua na mwiko na kuniwekea kando ya sahani ukiwa wa moto, na mimi huula mwisho, polepole. Watoto walijua. Wageni walijua. Siku ya nne ya yule mbwa nilimaliza kula, nikangoja. Nikaangalia sahani. Nikasikia mlangoni kitu kinatafuna, krau, krau.

"Umempa ukoko?"

"Meno yanamwota. Anataka kitu kigumu."

"Na mimi je?"

"Wewe yanakutoka, mzee."

Halafu sweta. Ile ya kijani, niliyovaa siku tuliyopewa hati ya shamba. Aliikata mikono na kumtandikia ndani ya kreti. Akasema viwiko vilikuwa vimetoboka. Ni kweli vilikuwa vimetoboka. Lakini vilikuwa viwiko vyangu.

Nikienda mjini kuangaliwa macho, mama husema nenda salama, anaendelea kuchambua mboga. Siku ya chanjo ya mbwa alivaa viatu vya kanisani. Akambeba, wakaenda, wakarudi saa kumi, na wakati wa chai hadithi ikawa moja tu, vile sindano ilikuwa kubwa.

"Alilia kidogo," akasema, "halafu akanilamba mkono, kama anayeniambia si kitu."

Nimedungwa sindano nyingi katika maisha yangu. Sikumbuki kusimuliwa.

Kitinda mimba wetu hupiga simu Jumapili, ile ya kuonana uso. Jumapili hiyo sikuwa nimemaliza kumsalimia akaniambia, "Daddy, geuza simu nione mbwa." Nikageuza. Nikakaa nyuma ya simu kama mpiga picha wa harusi, nikisikia mtoto wangu na mke wangu wanavyocheka huko mbele.

Na watu nao hawakosi kujua. Pale barabarani tunapongojea gari linalonunua maziwa mengine, jirani mmoja mwenye mdomo akaniambia, "Mzee, tunasikia kwako kuna mwenye boma mpya."

"Ni mbwa tu," nikasema.

"Ndiyo huyo. Tunasikia siku hizi unapakuliwa wa pili."

Mwingine akadakia, "Wa pili ni namba nzuri. Mimi kwangu ni wa nne, nyuma ya paka."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa meno tu.

Asubuhi moja nilirudi kutoka kukata nepia, nyasi za ng'ombe, nimelowa mpaka magotini, nikaomba chai. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu, anampaka mbwa utomvu wa mshubiri kwenye lile jeraha la mgongo. Hakuinua kichwa. Akasema, "Ngoja." Katika nyumba yangu nimeambiwa mambo mengi, lakini neno ngoja halikuwa mojawapo. Nikasema, kwa sauti ya kusikika, "Huyu mbwa hamalizi mwezi hapa." Jirani yetu mwanamke alikuwa amekuja kuomba kibiriti. Akasikia. Mama pia alisikia, akaniangalia mara moja, akaendelea kupaka.

Sikuwa na maana ya kumdhuru. Ni maneno ya mtu mwenye baridi. Lakini neno likishatoka halina kamba ya kulivutia.

Jambo ambalo sikumwambia mtu ni kwamba nilikuwa nimeshajaribu kumvuta yule mbwa upande wangu. Nilimpigia mbinja. Akainuka, akajinyoosha, akaenda nyuma ya mama. Nilinunua mfupa mzuri wenye nyama, nikamrushia nyuma ya ghala. Akaunusa, akanitazama, akaubeba mfupa wangu, akavuka uwanja wote, akauweka miguuni pa mama.

"Ala, umeniletea zawadi?" mama akamwambia. Na ile sauti. Ile sauti niliijua. Mara ya mwisho kuisikia tulikuwa bado tunapanga chumba.

Basi nikakumbuka njia ya wachungaji wa Ndabibi. Mbwa mgeni akiletwa bomani, wale wazee hawakumfunga. Mwenye mbwa alichukua tonge la ugali, akaliweka kwapani, akatembea nalo juani mpaka likashika jasho lake, halafu akampa mbwa kwa mkono. Mbwa akishakula jasho lako, walisema, amekula kiapo. Umpige, uhame, ufilisike, yuko nyuma yako. Niliona mbwa wakifanyiwa hivyo nikiwa mtoto, na sikuona hata mmoja aliyepotea.

Lakini mimi ni mzee wa kanisa. Nina wajukuu. Kutia ugali kwapani kwa ajili ya mbwa si jambo la kuonekana unafanya. Nikangoja Jumamosi, siku ambayo mama hupeleka maziwa kisha anapitia kwa chama cha akina mama, hurudi karibu saa sita.

Jumamosi ndiyo siku yangu ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Nilifanya kazi yangu kama kawaida. Nilibeba pampu mgongoni, nikamwosha kila mmoja kuanzia masikio mpaka chini ya mkia. Ile pampu ni ya miaka mingi, huvuja mahali kamba inaposhikia, na maji yake hunishukia begani na ubavuni. Vijana wa serikali walishapita hapa wakatuambia tuvae ovaroli na vitambaa vya mdomo. Niliwaambia mimi nimenyunyizia ng'ombe kabla mama zao hawajaolewa. Nikimaliza huosha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Mikono, hapo niko makini. Siku hiyo pia niliosha.

Kisha nikachukua tonge la ugali wa jana, nikaliweka kwapani, nikatembea nalo nyuma ya zizi, mkono nimeubana kama mtu mwenye jipu. Shati lilikuwa bichi na nilifikiri ni jasho. Harufu ya ile dawa sikuisikia. Kwa miaka thelathini, Jumamosi mimi ndivyo ninavyonuka.

Nikamwita. Akaja nusu ya njia, akasimama. Nikapiga goti moja, na hilo si jambo dogo kwa goti langu, nikamnyooshea mkono. Akanusa. Akala. Akalamba na kiganja. Halafu, nasema ukweli, akatikisa mkia. Kwangu mimi. Mama hayuko, jirani hayuko, ni mimi na yeye tu, na mkia unatikisika.

Nilikaa pale kwenye nyasi. Sikumbuki nilikaa muda gani. Nilikuwa na furaha ambayo ningeona aibu kuionyesha.

Mate ndiyo yalianza. Yalimtoka kama uzi, kisha kama povu. Akajaribu kuja kwangu, miguu ya nyuma ikakataa. Akaanguka, akasimama, akaanguka. Ngozi ikaanza kumcheza mwili mzima, kama ng'ombe anayefukuza nzi. Nilimbeba mpaka uwanjani na nilikuwa nimemshika hivyo mama alipoingia langoni, na yule jirani wa kibiriti nyuma yake.

Mama alidondosha debe la maziwa. Tupu, lakini lilipiga kelele. Akamchukua kutoka mikononi mwangu.

"Umempa nini?"

"Sijui," nikasema.

"Mzee. Umempa nini?"

"Nimemkuta hivi."

Huo ndio uongo wangu. Nimefikiria sana kwa nini ulitoka haraka namna ile. Ningesema sumu, angeniona mtu mbaya. Ningesema tonge, angeniona mtu mdogo. Na mimi, tangu Ndabibi, nilikuwa nimeapa sitaonekana mdogo tena mbele ya mtu.

Mama alimpigia simu daktari wa ng'ombe, yule kijana wa huku kwetu, naye akafika na pikipiki upesi kwa sababu alikuwa karibu. Akamlaza mbwa kwenye gunia. Akamfungua jicho, akamsikiliza moyo.

"Amekula kitu," akasema. "Mathe, kuna dawa ya panya hapa?"

"Hakuna."

"Dawa ya mahindi? Dawa ya kupe?"

"Dawa ya kupe iko, lakini imefungiwa stoo. Na ufunguo anao mzee."

Jirani akakohoa. Kikohozi chake kilikuwa na maneno yote.

"Muulize mzee," mama akaendelea, naye haniangalii, anamwangalia mbwa. "Ndiye alisema hatamaliza mwezi hapa."

Daktari akageuka kwangu. Kijana wa umri wa mtoto wangu wa tatu, na alisema kwa heshima. "Mzee, mimi sikulaumu. Mbwa huudhi. Lakini hizi dawa si moja, na sindano zake si moja. Nikikisia nikakosea, namwua mimi. Kama unajua, niambie saa hii."

Nilimwangalia mama. Hakuwa analia. Mama akiwa na hasira hulia, hiyo naijua. Siku hiyo uso wake ulikuwa umekauka, kama uso wa mtu anayefunga mzigo. Nikaona wazi kwamba huyu mbwa akifa hapa kwenye gunia, mke wangu ataendelea kunipikia, ataendelea kunifulia, na hatanisemesha tena mpaka mmoja wetu azikwe.

"Ni tonge," nikasema.

"Tonge gani?" daktari akauliza.

"La ugali. Nililiweka hapa." Nikainua mkono.

Hawakuelewa. Ilibidi niseme yote, nimesimama katikati ya uwanja wangu mkono ukiwa juu kama mtoto wa shule: habari ya wachungaji, jasho, kiapo, pampu inayovuja. Jirani alitia leso mdomoni. Daktari alinikaribia, akaweka pua karibu na shati langu, akarudi nyuma.

"Hii si jasho, mzee. Hii ni dawa tupu. Leta chupa."

Nikaleta. Akasoma, akavuta sindano, akamdunga, akangoja, akamdunga tena. Akamwambia mama amwogeshe kwa sabuni na maji mengi, mdomo na miguu, popote aliponigusa. Halafu akaniambia, "Na wewe ukaoge. Hiyo sumu inapita kwenye ngozi. Si kichwa hukuuma ukishanyunyizia?"

Ni kweli huniuma. Sikuwa nimemwambia mtu.

Maji ya moto yalikuwa karai moja. Aliogeshwa mbwa kwanza. Mimi nilipewa yaliyobaki.

Daktari alikaa mpaka mbwa akaacha kutetemeka, akaenda. Jirani alikuwa ameshaenda zamani, na nilijua anaelekea wapi, kwa sababu alitembea haraka. Tukabaki jikoni. Mbwa amelala, anapumua. Mimi nimevaa shati safi, nimekaa kwenye kigoda kama mgeni.

"Ulitaka akupende?" mama akauliza.

"Mbwa? Nina haja gani na mapenzi ya mbwa."

"Basi ulitaka nini?"

Kama kuna jambo nimefanya kwa nguvu maishani, kuliko yale magunia, ni kujibu hapo. "Nilitaka anifuate mimi. Ndiyo wewe ukija kumtafuta, unikute."

Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Unajua kwa nini nilimleta?" akasema. "Wewe ukiingia unauliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Ukimaliza kula unauliza kama kuku wamefungiwa. Tangu mtoto wa mwisho aende, mimi sijaulizwa kitu. Huyu nikimwambia jambo, anainua sikio."

"Si ungeniambia."

"Na wewe si ungesema unataka kutafutwa."

Nikamwuliza huko kwa chama walikuwa wanasema nini leo. Akanitazama kuona kama nacheza. Halafu akaanza kunisimulia, habari ndefu ya mwenyekiti na viti vya plastiki, haina kichwa wala mkia, na mimi nikasikiliza yote.

Watu wa gari la maziwa walinikamata Jumatatu. Hata sikuwa nimeshusha debe. "Mzee, hebu inua mkono tuone." Nikainua, nikawaonyesha. Walikuwa wamejiandaa kunicheka wiki nzima, na nikawamaliza siku moja.

Sisemi wivu umekwisha. Mama akimwita kwa ile sauti bado kuna kitu hunifinya hapa kifuani. Lakini sasa akimaliza kumwita, namwambia, "Mama, hata mimi niko." Naye husema, "Nimekuona." Kabla sikuwa na mdomo wa kusema hivyo.

Na kuhusu kiapo, wazee wa Ndabibi walikosea, au labda dawa iliharibu. Mbwa alipona vizuri, ana nguvu, mgongo umeota manyoya, na bado humfuata mama. Mimi akiniona nimenyoosha mkono, huzunguka nyuma ya nyumba.

Leo nina haya. Ekari tano na robo, hati iko kwa jina langu na la mama. Ng'ombe saba, wanne wanakamuliwa. Nyumba ya mawe ya vyumba vinne na ghala la mbao. Tangi la maji la plastiki. Kisima sina, bado. Miti ya grevilia mpakani, sijaihesabu. Pampu mpya isiyovuja, na ovaroli ya bluu ambayo mama huifua peke yake, mbali na nguo nyingine. Watoto wanne, wote wako hai. Mke mmoja, ambaye jana aliniambia habari mpaka chai ikapoa.

Mbwa simwandiki hapa. Ni wa mama.